Vijana wa Garissa wapewe msimu mzima wa kushindwa

Kila mwaka michezo ya kitaifa ya shule za upili inapofika, huwa natafuta kwanza matokeo ya wawakilishi wa Kaskazini Mashariki. Sihangaiki sana kuwatafuta. Mara nyingi jina la shule iliyotoka Garissa, Wajir au Mandera hulikuta mkiani mwa kundi, likiwa na mabao mengi ya kufungwa na machache ya kufunga. Magazetini huandikiwa mstari mmoja. Mitandaoni huchekwa. Utamsikia mtu mzima, mzazi mwenye watoto wake, akiuliza kwa nini kanda hii inatengewa nafasi huku shule kali za Magharibi na Nyanza zikibaki nyumbani. Na vijana wenyewe wakirejea, hakuna anayewauliza walicheza vipi. Wanaulizwa walifungwa ngapi.

Kicheko hicho kinaniuma, kwa sababu kinawaangukia wasiostahili. Msimamo wangu ni huu: vijana wa Kaskazini Mashariki wanajua mpira, ila hawajawahi kupewa msimu. Wanapewa siku moja ya kushindwa, kisha wanaambiwa wangoje mwaka mzima. Siwaombei kombe la bure wala huruma ya waamuzi. Nawadai ligi ndefu, yenye mechi za kutosha, ambamo timu inaweza kupigwa Jumamosi hii, ikapigwa tena ijayo, wiki ya tatu ikaambulia sare, na ya nne ikajua ilipokuwa ikikosea. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Je, mtu atakubalije kushindwa kama hata nafasi ya kushindana hajapewa?

Mechi moja, kisha mwaka mzima

Michezo ya shule zetu hupanda kwa ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha taifa. Shule yenye kikosi imara huzipanda ngazi hizo hadi juu. Shule changa huteleza kwenye ya kwanza na habari yake ikaishia hapo. Timu ya Balambala au Hulugho huchangiwa nauli, hupanda lori au basi la kukodi, hufika uwanjani imechoka, hucheza mechi moja au mbili, hubanduliwa, hurudi nyumbani. Muhula umekwisha, na kwa upande wa mpira, mwaka nao umekwisha. Kipa aliyepitwa na krosi rahisi hataiona krosi nyingine ya mechi yenye uzito mpaka mwakani. Kama yuko kidato cha nne, ndiyo basi tena.

Walimu wa michezo wa huku wanalijua swali ambalo wachezaji huwauliza kabla hata jasho halijakauka: "Mwalimu, mechi nyingine ni lini?" Ukweli ni kwamba hakuna mechi nyingine. Na mtoto ambaye hana mechi ya kungojea hana sababu ya kuamka alfajiri kukimbia, wala ya kurekebisha kosa la jana.

Nenda kwenye uwanja wa shule mjini Garissa saa kumi na nusu jioni, jua likianza kupunguza makali. Mistari imechorwa kwa jivu. Milingoti ipo, nyavu hazipo, kwa hivyo kila bao huzua ubishi: umepita ndani au umepita nje? Mbuzi wanakatiza karibu na kona na hakuna anayejisumbua kuwafukuza. Beki wa kulia amevaa njumu moja tu. Ya pili amemwazima mwenzake anayepiga kwa mguu wa kushoto. Mpira ukiruka ua, wote hushika vichwa, maana nje kuna kichaka cha mathenge, na mwiba wa mathenge hauachi mpira salama. Kesho mpira huo utakuwa kwa fundi wa viatu, ukitiwa kiraka.

Watazame wanavyocheza. Mbio wanazo, chenga wanazo, pumzi wanazo, na wamezoea joto ambalo lingemtoa mgeni uwanjani kabla ya mapumziko. Kinachowapungukia ni mazoea ya mechi: kupanga ukuta mpira wa adhabu unapopigwa, kumkaba mtu mmoja dakika zote bila kumpoteza, kutulia baada ya kufungwa bao la mapema, kujua wakati wa kupunguza kasi na wakati wa kukimbia. Mambo haya hayaingii kichwani kwa maneno ya ubaoni. Yanaingia katika mechi ya tano, ya tisa, ya kumi na moja. Mwenye mechi mbili kwa mwaka atayapata wapi?

Lango lilifungwa 1926

Wengi wanaowacheka vijana hawa hawajui mashindano yalianzia wapi. Katika mwaka mmoja tu, 1926, yalitokea mambo matatu ambayo athari zake tunaziona hadi leo. Shule ya Alliance ilifunguliwa kule Kikuyu. Kenya na Uganda zilicheza kwa mara ya kwanza Kombe la Gossage, mashindano yaliyokuja kuzaa michuano ya CECAFA. Na katika mwaka huohuo, serikali ya kikoloni iliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, yaani NFD, ambayo kanda yetu ilikuwa ndani yake, kuwa eneo lililofungwa, ambako hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali.

Tafakari maana yake. Wakati shule na mpira vilipokuwa vikianza kukua pamoja katika sehemu nyingine za nchi, huku lango lilifungwa. Shule za misheni za Nyanza, Magharibi na Kati zilipata muda wa kuzoeana. Zilitembeleana, zilifungana, ziliwekeana visasi vya uwanjani vilivyorithiwa na wanafunzi waliofuata. Huku, hata kutembelea wilaya jirani kulihitaji karatasi ya afisa.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, uliambatana na vita vya Shifta vya kutaka kujitenga, na Desemba ya mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa katika mkoa huu. Vita vilimalizika 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Katikati yake Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyohesabiwa kuwa na uwezo wa kuzalisha haraka. Nyika ya wafugaji haikuwamo katika hesabu hiyo. Shule za upili zilizokuja kuchipuka hapa zilichipuka katika mazingira hayo, na timu zao za kwanza zilikuwa timu za vijana waliokua chini ya amri za usalama.

Hata uwanja wa shule una kumbukumbu yake nzito. Novemba 1980, katika operesheni ya vyombo vya usalama mjini Garissa, wakazi walikusanywa wakazuiliwa kwa siku kadhaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, bila chakula wala maji. Ushahidi huo ulitolewa mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, na umo katika ripoti yake ya 2013. Kwa wazee wa mji huu, kumwona mjukuu akikimbiza mpira kwenye uwanja wa shule, bila askari wa kumwamuru aketi chini, kuna maana ambayo jedwali la ligi haliwezi kuibeba.

Kwa hivyo anayetaka kuilinganisha Garissa na Kakamega, alinganishe na safari pia. Green Commandos wa Kakamega, Scorpions wa Musingu na Solidarity wa St Anthony's Kitale hawakuzaliwa mabingwa. Nyuma yao kuna miongo ya mechi, makocha waliokaa, wazee wa shule wanaochangia jezi, na wanafunzi wa zamani wanaorudi kuangalia wadogo zao. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali la haki ni hili: sisi tumeunda nini, na lini?

Vijana walewale, mji mwingine

Yupo atakayesema kwamba historia ni kisingizio, kwamba watoto wa jamii hizi hawana mpira mwilini. Jibu lake liko mbali na hapa, katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ni mji wa watu wapatao 36,000, uliojengwa na viwanda vya nguo ambavyo baadaye vilifungwa, wenye theluji nyingi na mapenzi makubwa ya hoki ya barafu. Kuanzia 2001, familia za Wasomali na za Wabantu wa Somalia zilianza kuhamia huko. Nyingi zilikuwa zimepitia kambi za Dadaab, hapahapa katika kaunti ya Garissa: Ifo, Dagahaley na Hagadera.

Hawakupokewa na kila mtu kwa mikono miwili. Mwaka 2002 meya wa mji aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja. Lakini watoto wao waliingia shule ya upili ya Lewiston, na wakaingia na mpira wao, ule walioujua kutoka kwenye mchanga wa kambini.

Kocha wa timu, Mike McGraw, alikuwa ameifundisha kwa zaidi ya miaka 30 bila kutwaa ubingwa wa jimbo hata mara moja. Hapo ndipo penye somo. Miaka yote hiyo timu ilikuwapo, ratiba ilikuwapo, na kocha alikuwapo. Mwaka 2014 walifika fainali, wakafungwa na Cheverus. Mwaka 2015 walirudi na hawakupoteza mechi yoyote. Walitikisa nyavu mara 113 na kufungwa mabao 7 tu. Tarehe 7 Novemba waliilaza Scarborough bao 1-0, na kombe likaenda Lewiston. Walipokusanyika kujipa moyo kabla ya mechi, walipaza sauti kwa Kiswahili: "Pamoja ndugu!" Mwandishi Amy Bass alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake One Goal, kilichotoka 2018.

Sasa kumbuka mwaka huohuo wa 2015 ulivyokuwa kwetu. Tarehe 2 Aprili, Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakauawa. Siku chache baadaye serikali ililipatia shirika la wakimbizi la UNHCR muda wa miezi mitatu liifunge Dadaab. Yaani vijana waliotoka katika kambi ambazo hapa zilitajwa kuwa balaa ndio waliobebwa mabegani na mji mzima kule Maine.

Je, walibadilika damu walipovuka bahari? Walichokuta ni vitu vya kawaida kabisa: uwanja wenye nyavu, basi la shule, refa aliyefika kwa wakati, mwalimu asiyehamishwa kila mwaka, na ratiba ya mechi za msimu mzima. Kila kimoja kati ya hivyo kinawezekana Garissa.

Mwalimu akiondoka, timu hufa

Mtu wa kwanza katika timu yoyote ya shule ni mwalimu. Katika shule zetu nyingi, anayefundisha hesabu asubuhi ndiye huyohuyo anayepuliza filimbi jioni, na kwa miaka mingi mwalimu huyo amekuwa akitoka nje ya kanda. Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilivamiwa na abiria 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Baada ya misiba hiyo walimu wasio wenyeji waliondoka kwa mamia, wengine wakihamishwa na tume ya walimu, TSC, wengine wakikataa kurejea.

Siwalaumu hata kidogo. Aliyemzika mwenzake ana haki ya kuogopa. Lakini tuangalie kilichobaki nyuma. Darasa la fizikia lilibaki bila mwalimu, na hilo lilisemwa bungeni na redioni. Timu nayo ilibaki bila mtu wa kuiita mazoezini, na hilo halikusemwa na yeyote. Mipira ilifungiwa stoo. Vijana waliokuwa wakijifunza pamoja kwa miaka miwili walitawanyika, na kidato kilichofuata kilianza upya.

Ndiyo maana lazima tuwe na makocha na marefa wenyeji. Katika kila bulla, yaani kila mtaa wa mji huu, kuna vijana waliocheza shuleni, wanaoupenda mpira, na ambao jioni hawana kazi. Kozi ya siku chache ya ukocha au urefa inaweza kumpa kijana kama huyo cheti, heshima na posho kidogo. Naye hatahamishwa na mtu, kwa sababu hapa ni kwao. Mcheza kwao hutunzwa, na timu inayotunzwa na watu wa kwao haivunjiki kwa barua ya uhamisho.

Mzigo unamwangukia mzazi

Huenda mtu akaona haya ni mambo ya watoto na vumbi. La hasha. Yanafika hadi jikoni.

Chukua fedha. Katika mgao wa serikali wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa kwa mwaka, kiasi kilichotengewa shughuli za nje ya darasa ni Sh1,500. Shule yenye wanafunzi 200 basi inahesabiwa Sh300,000 kwa mwaka mzima, kwa michezo yote, muziki na drama, endapo fedha zitafika zote na kwa wakati. Mjini, ambako shule zinaweza kutembeleana kwa miguu, kiasi hicho kinaweza kusukuma mambo. Lakini kanda hii ina kilomita mraba zipatazo 127,000, na kutoka Garissa hadi Mandera ni safari ya zaidi ya kilomita 700. Safari moja ya basi la kukodi inaweza kumeza sehemu kubwa ya fedha za mwaka. Kilichopungua anaombwa mzazi.

Na mzazi huyo ni nani? Ni mfugaji ambaye kati ya 2020 na 2022 alishuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua ikikosa, na mifugo yake ikianguka mmoja mmoja. Ni mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Akiombwa mchango wa nauli ya timu, anauza mbuzi au anamwambia mwanawe abaki nyumbani. Akiuza mbuzi, na timu ikarudi baada ya mechi moja, atachanga tena mwakani? Mfumo wa mechi moja unamfanya mzazi aone mpira kuwa hasara, kumbe hasara iko katika mpangilio. Nauli ileile ikigawanywa katika mechi nyingi za karibu ingezaa timu.

Kisha tazama jioni za kijana asiye na mazoezi wala mechi. Saa zile kati ya kutoka shule na magharibi ndizo saa za miraa, za vijiwe, na za maneno matamu ya watu wanaotafuta vijana wa kuwatumia. Sisemi mpira utamaliza ugaidi au umaskini. Nasema kijana mwenye mechi Jumamosi anajulikana alipo Jumanne na Alhamisi, na mzazi wake analala usingizi.

Kuna pia mtaala mpya. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyopewa ni ile ya sanaa na sayansi ya michezo. Mtoto wa Garissa akiuchagua mkondo huo, atausomea wapi kwa vitendo? Mwenzake wa Kakamega atakuwa na msimu mzima wa mechi za kuonyesha uwezo wake. Wa kwetu atakuwa na alasiri moja. Tukinyamaza, mkondo huu utakuwa mlango mwingine uliofunguliwa nchini na kufungwa kwetu.

Na wasichana je? Tangu 2014 sheria za soka duniani zinaruhusu hijabu uwanjani, kwa hivyo kisingizio cha mavazi kimekwisha. Kule Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI mwaka 2003, akautumia mpira kuwakutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, kisha akawaingiza uwanjani wasichana pia. Alianza kwa kupingwa, na mwaka 2011 alitunukiwa tuzo ya amani ya Stuttgart kule Ujerumani. Kama Marsabit imeweza, wasichana wa shule yetu ya NEP Girls na wenzao wa Wajir na Mandera wana haki ya ratiba yao wenyewe, kwenye uwanja na kwa saa ambazo wazazi wao wameridhika nazo.

"Watavunjika moyo"

Wapo wanaopinga kwa nia njema. Wanasema timu ikifungwa kila wiki watoto watavunjika moyo, na bora wakae wasome. Nawaelewa, lakini nadhani wamekosea mahali pa kutazama. Mtoto havunjwi moyo na kufungwa. Anavunjwa na kufungwa kisha kunyimwa nafasi ya kurudi. Katika ligi, aliyefungwa tano leo ana Jumamosi nyingine ya kufungwa tatu, na nyingine ya kufungwa moja, na mtoto anauona mwenyewe upungufu huo wa mabao kuwa maendeleo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mradi mhunzi awe na kazi ya kurudia kesho.

Mashabiki wa Garissa wana mfano walioushangilia wenyewe. Tarehe 5 Septemba 2019, Somalia iliifunga Zimbabwe 1-0 mjini Djibouti. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Somalia katika historia ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Hata haikucheza nyumbani, kwa sababu ya usalama. Siku tano baadaye ilifungwa 3-1 kule Harare na kutolewa. Lakini nani asiyekumbuka lile bao la dakika za mwisho kule Djibouti? Hata Samoa ya Marekani, iliyopigwa 31-0 na Australia mwaka 2001, iliendelea kurudi uwanjani hadi ikaifunga Tonga mwaka 2011. Mataifa yanavumilia kushindwa kwa miongo. Kwa nini sisi tuwakatie tamaa watoto wa miaka 16 kwa alasiri moja?

Ama kuhusu masomo, wakuu wa shule wenyewe wanajua kwamba mchezaji anayetaka kubaki kikosini huchunga mahudhurio yake, kwa sababu mwalimu wa michezo humwuliza kabla ya mkuu wa shule.

Mechi kumi na nne

Ninachopendekeza kinaweza kuanza muhula ujao, na kinaanzia mjini kwa sababu mjini nauli ni ndogo. Garissa Township ina Garissa High, County High, Boystown, Young Muslim na nyingine za kutosha kufikisha shule 8. Kila shule ikicheza na kila nyingine, nyumbani na ugenini, hizo ni mechi 14 kwa kila timu, zote bila kuondolewa mtu. Wajir mjini na Mandera mjini wafanye hivyohivyo. Shule za mbali, kama za Ijara, Fafi na Lagdera, zikutanishwe kwa makundi ya jirani, zicheze mechi mbili au tatu kwa safari moja ya mwisho wa juma, ili nauli ya mzazi ilete mechi zaidi. Mashindano ya kitaifa yabaki yalivyo. Ligi iwe msingi wake.

Serikali ya kaunti itoe viwanja, nyavu na posho za marefa. Wabunge, ambao hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, inawaruhusu kugharimia michezo, watenge fungu la nauli badala ya kununua kombe la siku moja lenye jina lao. Wafanyabiashara wa soko la mifugo na wa soko la Suqu Mugdi, ambao hawajawahi kushindwa kuchangia msiba wala harusi, wachukue kila mmoja timu moja. Mpira mmoja, jezi seti moja, kisanduku cha huduma ya kwanza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na jambo moja lisilogharimu chochote ila kalamu: kila matokeo yaandikwe. Timu, tarehe, mabao, waliofunga, refa. Daftari libaki shuleni hata mwalimu akihama. Huko Marekani, miji midogo inajua timu zake za shule za miaka mia iliyopita zilipoteza mechi gani na kwa mabao mangapi, kwa sababu kuna mtu aliyeona kwamba hata msimu mbaya wa watoto wa mji unastahili kuandikwa. Vijana wetu nao wanastahili. Bila kumbukumbu, kila kidato huanza kana kwamba hakuna aliyecheza kabla yake.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mabilioni yatamwagwa kwenye viwanja vikubwa, na viongozi watapanga foleni kupigwa picha. Kabla ya picha hizo, viongozi wa kaunti hizi tatu wakae na wakuu wa shule wapange ratiba. Wawape vijana mechi kumi na nne. Wakipoteza zote kumi na nne, waandike matokeo yote kumi na nne, na msimu unaofuata wawarudishe uwanjani na kocha yuleyule.